Nyanya na Mlango wa Mbele wa Hospitali ya Reli

Ndugu yangu alilazwa baada ya geti alilokuwa akichomelea kule Laini Saba kumwangukia mguuni. Hospitali ni ile ya zamani, ya mawe, waliyoijenga wakoloni kwa ajili ya watu wa reli. Nilitoka Kawangware, nikapitia Kibera kumchukua nyanya, naye akabeba uji kwenye chupa.

Mlangoni, askari kijana alitusalimia vizuri, kisha akatuambia kwamba siku hizi upande huo ni wa wagonjwa wa bima.

"Shosho, mlango wenu uko nyuma," akasema.

Nyanya akaketi pale pale kwenye ngazi.

Nilimsihi, nikamwambia muda wa kuona wagonjwa unaisha. Alimweleza askari kwamba enzi za wakoloni ngazi hizo zilikuwa za wazungu, na Waafrika walilazwa nyuma, kwenye banda la mabati. Baba yake, kibarua wa reli, alilazwa humo. Siku moja nyanya na mamake walisubiri sana kwenye geti la nyuma, na walipofunguliwa wakakuta kitanda cha baba kimeshatandikwa upya.

"Huko nyuma sirudi," akasema.

Askari alisema anamwelewa, lakini akimruhusu atafutwa kazi. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nikamkasirikia nyanya, halafu nikajichukia kwa hilo. Nikachukua chupa ya uji, nikazunguka.

Nilipomweleza ndugu yangu, alifumba macho.

"Mimi nataka kumwona yeye," akasema. "Mlango ni wa nini?"

Ikawa hivyo kila tulipokwenda: nyanya kwenye ngazi, mimi nyuma. Nilimtafuta mkubwa wa pale mara kadhaa, nikiambiwa yuko mkutanoni. Nilipompata hatimaye, alinisikiliza kidogo tu, kisha akanisifia yale mawe na madirisha marefu. Upande wa mbele, alisema, wameukarabati ili kuhifadhi historia. Nilitoka bila kuaga.

Siku ndugu yangu aliporuhusiwa kwenda nyumbani, walimtoa nyuma. Alijikokota kwa magongo kulizunguka jengo zima, akilalamika njia nzima, mpaka alipomfikia nyanya. Nyanya alimshika uso kwa mikono miwili, akamuuliza kama amekula. Ndugu yangu akasema anataka kukaa tu. Wakaketi ngazini, bega kwa bega.

Hawajakaa sana, askari akaja kutuomba tusogee. Kulikuwa na gari linaingia.