Mgunga wa Jirani Yangu

Katikati ya miaka ya tisini niliuza chai sokoni Garissa, chini ya gunia lililofungwa kwenye fito nne. Hatua chache kutoka kwangu, mwanamke wa Kisomali wa rika langu aliuza chai ya maziwa ya ngamia chini ya mgunga mkubwa. Kivuli kilikuwa chake kutwa, na wateja pia. Madereva wa malori ya Mandera walinipita bila hata kunitazama. Nilimwonea wivu mpaka chakula hakishuki.

Siku moja fundi wa vitanda, ambaye karakana yake ilipakana na mti ule, alikuja kunywa chai kwangu. Alikuwa ameugonga kwa nyundo.

“Ndani hamna kitu,” aliniambia. “Mchwa wamekula kiini, na mizizi imeoza.”

“Mbona majani ni mabichi?”

“Maji hupanda huku karibu na ganda. Lakini mti mkubwa hivyo hushikiliwa na mbao ya ndani na mizizi. Siku upepo mkali utakapokamata yale matawi mazito, utaanguka.”

Nilifurahi, na naona aibu kuliandika hilo. Sikungoja amalize kikombe. Nilikwenda kumwambia jirani yangu mbele ya wateja wake, kwa sauti ya juu, wote wasikie.

Alinitazama, kisha akacheka. “Abaayo, dada yangu, wewe nataka kifuli yangu tu.”

Wateja nao wakacheka. Nilirudi chini ya gunia langu, maana kivuli chake kweli nilikitaka.

Wiki chache baadaye, mvua ikikaribia, upepo wa vumbi jekundu ulivamia soko alasiri, wateja wakakimbilia madukani. Mgunga ulipasuka kwa kishindo, ukakatika karibu na ardhi, ukaifunika meza yake yote. Kisiki kilijaa unga wa kahawia.

Nilihisi raha kwanza. Kisha nikakumbuka kuna mtu pale. Nikakimbia, nikavuta matawi huku miiba ikinichana mikono, nikimwita.

“Niko hapa!” alijibu nyuma yangu, mkeka wa kuswalia ukiwa begani. Alikuwa akiswali nyuma ya duka moja la jirani. Aliitazama mikono yangu yenye damu, akanikumbatia.

Kesho yake nilimkaribisha apange vikombe vyake kando yangu, juani. Kabla ya saa nne benchi lake lilikuwa limejaa madereva walewale, wakijifuta jasho na kucheka naye. Langu lilikuwa tupu. Nilichochea moto, nikajifanya sioni.