Ringi Nzito za Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, wanamwita Mizani. Miaka ishirini aliuza vyuma chakavu. Ukimpa kitu cha chuma hakiangalii, anakinyanyua. Kikimlemea mkono anatabasamu, kikiwa chepesi anakitupa. Hata mlango wa nyumba yake aliuchagua hivyo, na mpaka leo mkewe anausukuma kwa bega.

Mimi ni fundi breki. Nilikuwa. Macho yamechoka, ila pua na masikio bado viko kazini.

Mwaka jana alinunua lori la kubebea saruji. Ringi zake za magurudumu zilikuwa zimepinda, ikabidi atafute nyingine za chuma. Hakuniuliza. Tulikuwa tumemzika dada yake miezi miwili tu nyuma, labda aliona vibaya kunisumbua. Akaenda dukani na mizani yake ya kuning'iniza, akapima ringi moja moja, watu wanamcheka. Akachukua zilizokuwa nzito kuliko zote.

Nilizikuta zimeshafungwa, yeye anazing'arisha kwa kitambaa.

"Shemeji, njoo uone chuma! Hizi hata bomu halizivunji."

Nikainama. Ringi ya lori ina matundu ya kupitisha upepo. Nyuma yake kuna dramu, lile bakuli la chuma ambalo breki inalibana kwa ndani ili gari lisimame. Likibanwa linapata moto, na upepo ndio unaolipoza. Hizi zake zilikuwa na vitundu vya kupitisha kidole gumba. Tena zililikumbatia dramu, vidole vyangu havikupita katikati.

"Toa," nikamwambia.

"Nitoe nini?"

"Ringi. Zote. Breki zako hazipumui."

"Tundu ni chuma kilichokosekana, shemeji. Unataka ninunue hewa?"

"Ndiyo. Nunua hewa."

Akacheka. Anacheka kama dada yake, kichwa nyuma, mkono kwenye mbavu. Nikageuza uso.

Enzi za dada yake, ubishi wa namna hii ulikwisha jikoni. Alikuwa anamwambia, "We kitinda mimba, kaa hapo," na jitu zima lenye ndevu linakaa. Mimi sina dawa hiyo. Alipolala hospitali hakusema mengi. Moja alilosema ni hili: "Mdogo wangu ana kichwa kigumu. Usichoke naye." Nikasema sawa. Ni rahisi kusema sawa.

Kesho yake alikuwa anapeleka saruji ng'ambo ya mlima. Ule mteremko naujua. Una kona saba, na chini kabisa kuna shule. Niliwahi asubuhi, nikapanda kwenye lori kabla hajafika. Mkononi nilikuwa na birika la marehemu, limejaa maji.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Unakokwenda."

"Na birika?"

"Endesha."

Tulipanda mlima tumenuniana. Tulipoanza kushuka akawa anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga. Kona ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu nikasikia harufu.

"Simama."

"Harufu hiyo ni ya lori la mbele."

"Hakuna lori mbele! Simama pale penye uwanja, wakati breki bado zipo."

Akakanyaga. Lori likapunguza mwendo, kisha likakataa. Akakanyaga tena, mguu umefika chini. Akashusha gia, injini ikapiga kelele, tukaingia uwanjani tukasimama hatua mbili kabla ya mtaro.

Safari hii hakucheka.

Nilishuka na birika. Dramu sikuligusa, maana ukilimwagia maji likiwa na moto linapasuka. Nilidondosha matone kwenye ringi tu. Yalichachatika yakapotea. Shemeji akasogeza kiganja, akakirudisha upesi.

"Zimebaki kona ngapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nne. Na shule."

Tukakaa juu ya jiwe mpaka chuma kikapoa. Maji yaliyobaki tukayanywa, tukipokezana birika.

"Dada angenipiga," akasema.

"Kwa birika hilihili."

Tukashuka kwa gia ya kwanza, polepole kama siku ile tulipomsindikiza dada yake makaburini. Watoto walikuwa wanatoka darasani. Wakatupungia mikono. Yeye hakupunga, mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Siku ya tatu akanipigia simu. Ringi zote ameshazitoa. Nikashukuru, nikasema kumbe mtu anaweza kufundishika.

"Nimekuelewa, shemeji," akasema. "Niko dukani hapa. Nimezipima zote, nimepata nyepesi kabisa."

"Umepima tena?"

"Sasa! Ninyanyue kwa macho?"

"Na mbona nyepesi hivyo?"

"Kutu imezila. Lakini matundu, shemeji! Mengine hata kiwanda hakikuyatoboa."

"Usilipe. Usifunge. Usiguse kitu," nikasema. "Nakuja."

Nikakata simu. Nikakiangalia kiti cha jikoni alichokuwa anakalia marehemu.

"Unamwona mdogo wako?"

Nikatafuta viatu.