Bei Aliyopewa Mume

Mshonaji wa sare za shule alikuwa akibembeleza apunguziwe bei ya gari jipya tangu asubuhi, maana alikuwa amechoka kusafirisha marobota ya vitambaa kwa magari ya kukodi. Muuzaji alimjibu kila mara kwa tabasamu, "Mama, bei hii haipungui hata kidogo."

Ndipo mumewe akaingia, akitokea kwa kinyozi. Muuzaji akainuka upesi kitini.

"Karibu, mzee! Kwa heshima yako, naondoa asilimia kumi."

"Heshima yangu?" mume akashangaa. "Ndugu yangu, mimi hata usukani sijawahi kuushika. Mnunuzi ni huyo hapo."

Mshonaji akamgeukia muuzaji. "Kumbe inapungua! Mimi nimekaukiwa mate hapa, yeye kapunguziwa hata kabla ya kusalimia?"

"Usikasirike, mama. Si mnanunua pamoja?"

"Nanunua mimi. Hiyo bei ni ya mume wangu, basi mngoje ajifunze kuendesha, umuuzie."

Akatwaa mkoba wake, akavuka barabara hadi duka jingine la magari. Mlangoni alimwambia mumewe asubiri nje, kwa kuwa safari hii alitaka kusikia bei yake mwenyewe.