Kuna Mtu Amekuona

Mimi si mtu wa kukaa nikatulia. Hata nikisuka, mguu mmoja unapiga sakafu, na wateja wangu wa hapa Bombambili wameshazoea. Lakini mwezi ule wa kumi, tamthilia mpya ilipoanza, hata wao walinichoka. Ilionyeshwa Alhamisi na Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na mimi kuanzia Jumatatu nilikuwa siwezi kumaliza kichwa cha mtu bila kubishana kuhusu kitakachotokea.

Mhusika mkuu alikuwa mpelelezi wa polisi, sote tulimwita Afande. Wauaji alikuwa anawakamata kweli. Ila namna alivyowakamata ndipo palipokuwa na maneno. Aliweka kisu mahali ambapo hakikuwepo. Alimtisha mama mzazi wa mtuhumiwa mpaka mama wa watu akalazwa. Na silaha yake kubwa ilikuwa sentensi moja. Anakaa mbele ya mtu, ananyamaza hadi yule mtu aanze kujikuna, halafu anasema taratibu, "Kuna mtu amekuona." Wala hakuna aliyeona. Mtu anakiri, sisi tunapiga makofi.

Saluni iligawanyika. Dada mmoja aliondoka kwenye kiti na nusu ya kichwa haijasukwa, eti kwa sababu mwenzake kasema Afande anastahili kufungwa. Alirudi kesho yake, kilemba kimemshinda. Mpinzani mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo anayekuja kwangu kupaka mvi zake rangi.

"Huyo ni mhalifu aliyepewa kitambulisho," alisema. "Siku akikaa mbele yako wewe, utampigia makofi?"

"Mimi sijaua mtu, mwalimu. Aje tu."

Hata kundi la jumuiya yetu kwenye simu liliingiliwa. Katikati ya tangazo la sala na tangazo la msiba mtu anatupia, jamani Afande leo kafanyaje, na mwenyekiti anajibu kwa herufi kubwa kwamba hili ni kundi la sala. Dakika tano hazipiti, mwenyekiti huyohuyo anauliza kama yule mama aliyelazwa ameshatoka hospitali.

Katika mabishano yote hayo mimi ndiye niliyekuwa wakili wa Afande. Nilimpenda, niseme ukweli. Nilipenda kwamba hakuwa na subira, na kwamba mambo kwake yaliisha siku hiyohiyo.

Sasa, mwezi wa kumi kwetu Wakatoliki ni mwezi wa Rozari. Jumuiya ni kaya chache za majirani tunaosali pamoja, na mwezi huo sanamu ya Bikira Maria hutembea nyumba kwa nyumba. Jioni tunaipeleka kwa nyimbo na mishumaa, tunasali rozari, sanamu inalala pale, jioni ya pili inahamia kwa jirani. Mimi ni katibu, orodha ya nyumba naishika mimi. Alhamisi moja ikafika zamu yangu. Sanamu ilitoka kwa mama mmoja mjane, mtu mzima sana, anayeishi peke yake nyumba ya nyuma yetu. Macho yake yana ukungu. Jioni hiyo ya sanamu ndiyo siku pekee nyumba yake inapojaa watu, na huijua wiki mbili kabla. Anaazima viti, anafagia uwanja mara mbili, anateremsha kabatini vikombe sita vya kioo alivyopewa alipoolewa, na chai ya kila mgeni anaimimina mwenyewe.

Kwangu rozari iliisha dakika chache kabla ya saa kumi na mbili, na nusu ya waumini hawakuondoka. Mnajua walikuwa wanasubiri nini. Sanamu ilikuwa imekaa juu ya meza ya televisheni, maana ndiyo meza pekee ya heshima niliyonayo, na kichwa chake kilikuwa kinaziba kona ya kioo. Nikazima mishumaa, nikamteremsha Mama wa Mungu, nikamweka sakafuni nyuma ya kochi. Hakuna aliyenikataza. Afande siku hiyo alimkamata muuaji wa mhasibu kwa sentensi yake ileile, sebule nzima ikashangilia.

Mume wangu ni dereva. Alfajiri ya Ijumaa aliondoka na lori kwenda Tunduru kupakia korosho. Mimi nilipoamka niliirudisha sanamu mezani harakaharaka, nikakimbilia saluni. Alasiri nikarudi kuifuta vumbi ili jioni ihamie nyumba nyingine. Nikafungua rozari iliyozungushiwa mikono yake, nikaona kiganja cha kulia kimewahi kukatika. Kilikuwa kimebandikwa, gundi imevimba pembeni, ya manjano.

Nikiikabidhi hivi, itasemwa ni mimi. Nikachukua orodha nikaanza kuhesabu nyumba ilizopita, na kabla sijafika ya pili nilikuwa nimeshapata jibu: iliyonitangulia ni ya mama mwenye ukungu machoni. Nani mwingine? Nyumba yangu sikuihesabu. Haikunijia hata kidogo.

Nikaenda. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi, ungo mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Sanamu imelala salama?"

Sikujibu. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikanyamaza, kama nilivyofundishwa na televisheni. Mguu wangu tu ndio uliokataa kutulia. Yeye akaendelea na mahindi yake, punje zinadondoka, hadi kimya kikamtatiza akainua uso.

"Mama," nikasema taratibu, "kuna mtu amekuona."

"Ameniona? Nikifanya nini?"

"Na sanamu. Mkono wake umevunjika, umebandikwa."

Vidole vyake vikasimama juu ya gunzi. Alikaa hivyo muda mrefu, anaangalia upande nilipo bila kuniona vizuri. Kisha akasema, "Basi itakuwa ni mimi."

Nilifurahi. Naona aibu kuliandika, lakini nilifurahi sana. Nilitembea kurudi kwangu kama niliyeshinda kesi.

Jumamosi asubuhi, kwenye sala ya jumuiya, baada ya Injili, alisimama mbele ya jumuiya akaomba radhi. Kisha akapiga magoti, na magoti yale yalichukua muda kufika chini. Tukamsamehe, tukampa mikono, tukaimba. Kwetu mtu akishaomba radhi mbele ya jumuiya hakuna anayemuuliza tena ilikuwaje, na ndiyo maana hakuna aliyemuuliza gundi aliipata wapi, wala ameibandikaje kwa macho yale. Mwenyekiti akashauri kwa upole kwamba kuanzia mwezi wa tano, ambao nao ni mwezi wa Maria, sanamu itakapotembea tena, nyumba ya mama tuiruke, tusimtwishe mzigo. Mimi kama katibu nikaiandika. Mama alikuwa amekaa karibu yangu, akasema, "Sawa, wanangu." Sauti yake ilikuwa ndogo, nami nikaisikia, nikaendelea kuandika.

Wiki nzima sikukaa vizuri. Saluni nilisimulia nilivyofanya, wakacheka wakaniita Afande, na ningetakiwa kufurahi. Mwalimu peke yake hakucheka. Aliuliza, "Na huyo aliyemwona mama alikuwa nani?" Nikamwambia ainamishe kichwa, rangi itamwingia machoni.

Alhamisi iliyofuata mume wangu akarudi. Sebuleni kulikuwa na majirani sita na Afande, yeye akanifuata jikoni kuchukua chai.

"Ile gundi ilishika?" akauliza.

"Gundi gani?"

"Ya mkono wa Mama Maria. Alfajiri ile nilikuwa natafuta viatu, nikaipiga teke sanamu, ukakatika. Nani anaweka sanamu nyuma ya kochi? Nikabandika na ile gundi ninayobandikia soli." Akapuliza chai. "Nilijua utapiga kelele, nikasema nitakwambia nikirudi."

Sebuleni watu walipiga makofi, nadhani mtu alikuwa amekiri. Nilimweleza yote, na alivyokuwa ananisikiliza uso wake ulizidi kubadilika, mpaka akaiweka chai chini bila kuinywa. Alisema kitu kimoja tu: "Uende mapema."

Kesho yake, kabla ya kufungua saluni, nilikuwa kwa mama. Alinikaribisha ndani, akanipa chai kwenye kikombe cha plastiki. Vikombe vya kioo havikuwa kabatini. Vilikuwa kwenye boksi sakafuni, limefungwa kamba ya katani.

"Hivyo nampa mkwe wangu," alisema. "Mikono hii siiamini tena. Sasa hata sufuria ya moto namwita binti wa jirani aje aniteremshie."

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu kochi, mume wangu, gundi ya soli. Nikajilazimisha kufika kwenye ile sentensi, kwamba hakuna mtu aliyemwona, nilibuni mwenyewe, niliitoa kwenye tamthilia.

"Kwa hiyo sikuivunja."

"Hukuivunja mama."

"Na hakuna aliyeniona."

"Hakuna. Kwa nini ulikubali lakini? Ulikuwa unajua hujaivunja."

"Nilikuwa najua," alisema. "Niliibeba kwa mikono miwili mpaka mezani, nikaipapasa yote, ilikuwa nzima. Lakini ukaja wewe ukasema nimeonwa. Nikajiuliza, katibu wetu, mtoto niliyemsimamia kipaimara, anidanganye ili apate nini? Nikaona heri mimi ndiye niwe nimesahau."

Machozi yalinitoka, na sikujali chai ilikuwa inamwagikia gauni. Nilimwambia kesho yake, Jumamosi, nitapiga magoti palepale alipopiga yeye, na ile mistari niliyoiandika nitaifuta mbele ya watu. Akaitikia kwa kichwa. Hakusema amenisamehe, wala sikuwa na uso wa kumuuliza.

"Na huyo polisi wenu," akasema, "yeye akikosea hufanyaje?"

"Hakosei, mama. Wamemwandikia asikosee."

Akacheka kidogo puani. Kisha akaniambia nifungue boksi. Kamba ilikuwa imefungwa na mtu asiyeona vizuri, mafundo juu ya mafundo, na vidole vyangu vinavyosuka kutwa vilishindwa, nikatumia meno. Nilitaka kuvipanga mwenyewe kabatini, akanizuia mkono. Alivichukua kimoja kimoja. Kila kimoja alitanguliza kidole kwanza, akatafuta ukingo wa ubao, ndipo akakisogeza na kukiachia. Cha nne kiligonga cha tatu, akasita, akabaki amekishika hewani. Siku za nyuma asingesita. Nilisimama nyuma yake, miguu yangu yote miwili imetulia, nikisubiri akiweke.