Vidonge vya Mama Mdogo

Mama alipoanguka mara ya pili shambani kwake Mghange, nilimteremsha Voi na kumtangazia kwamba harudi tena milimani. Mimi ni mwepesi wa kuamua mambo, hasa ya wenzangu. Mama hakubishana. Alikaa mbele ya feni akiuliza joto la huku huwa linazimwa saa ngapi.

Kizunguzungu kilichomwangusha kilimfuata hata kwangu. Dawa zake za presha zilipokaribia kuisha, nikampeleka kwenye duka la dawa karibu na stendi. Nilikuwa na haraka, lakini mfamasia, mwanamke wa rika langu, hakugusa hata rafu.

"Mama, kuna dawa nyingine unatumia?"

"Ni hizi tu," nikajibu.

"Nimeuliza mama."

Nikanuna. Mama akafungua mkoba, akatoa Biblia, miwani, ndizi mbili, na chini kabisa pakiti ya vidonge ambayo sikuwahi kuiona.

"Hizi ni za mdogo wangu wa Taveta. Huvuka mpaka pale Holili kuninunulia, anasema za huko ni kali. Nameza moja ya hospitali, na moja yake."

"Daktari anajua?" mfamasia akauliza.

"Hakuniuliza. Na nitazitupaje, daktari, na mtu amezinunua kwa mapenzi?"

Mfamasia alilaza pakiti zote mbili kwenye kaunta. Rangi tofauti, majina tofauti, lakini kwa maandishi madogo, pale alipoweka kidole, dawa ilikuwa ile ile. Kila asubuhi mama alimeza dozi mbili, ya pili kwa heshima ya mdogo wake. Alipopimwa, presha ilikuwa chini mno. Mfamasia akampigia simu daktari wetu papo hapo, wakakubaliana abaki na za hospitali peke yake, kisha arudi kupimwa baada ya wiki. Nilitamani kumkumbatia mfamasia huyo, ila nilikuwa bado nimenuna.

"Nikipatikana niko sawa," mama akauliza, "naweza kurudi kwangu?"

Alimwuliza yeye, si mimi. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Kizunguzungu kikiisha na daktari akikubali, mama, panda mlima wako."

Mama akalia pale pale mbele ya wateja. Siku zote hizo nilidhani hakunibishia kwa sababu anaogopa kufa. Alikuwa akiniogopa mimi.