Kisu cha Mkono Mmoja

Walimwita Bi Turubai. Kwa miaka ishirini na sita halikupita lori mtaani kwake asiligeukie kuangalia limefunikwaje. Alishona maturubai ya malori katika karakana iliyokuwa gereji zamani: sakafu ya saruji aliyoipiga rangi ili kitambaa kisichubuke, cherehani nzito chini ya dirisha, na ukutani mafungu ya kamba yaliyopangwa kwa unene. Mumewe alikwisha kufariki. Aliishi na bintiye, mwalimu wa hesabu, aliyerithi ubishi wote wa mama yake na uvumilivu wake kidogo tu.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja akimimina chai. Alisema baadaye kwamba aliona kikombe kinaanguka, akajiuliza ni nani huyo mzembe. Wiki saba zilipopita, ulimi ulikuwa umerudi, mguu umerudi, na mkono wa kushoto umerudi nusu. Bega lilipanda, kiwiko kilikunjika, ila vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine.

"Tuuze cherehani, mama," binti alimwambia. "Umeshafanya kazi ya kutosha."

"Cherehani naiendesha kwa mguu na mkono wa kulia. Huu wa kushoto ulikuwa unakaa tu."

Haikuwa kweli, na wote wawili walijua. Kesho yake akafungua karakana.

Kushona kuliwezekana, kitambaa alikilalia kwa kigasha. Kilichomshinda ni kitu ambacho hakuwahi hata kukifikiria. Kisu chake cha kukunja, cha kukatia kamba na kitambaa, kilikuwa cha aina ya zamani, bapa lina mfereji mwembamba wa kuingiza ukucha: mkono mmoja unashika mpini, mwingine unavuta. Akajaribu kuvuta kwa meno. Siku ya nne jino la mbele likameguka. Binti aliambiwa ni karanga.

Baada ya hapo akawa anakiacha wazi sakafuni. Adhuhuri moja alikuwa akitambaa kwa magoti juu ya turubai lililokwisha, akasikia kitu kinapasuka kabla hajaelewa ni nini. Goti lilikuwa salama. Turubai lilikuwa na mpasuko wa urefu wa kiganja. Alishona kiraka, na dereva alipofika akamwonyesha mwenyewe, bila kuulizwa. Dereva akasema hakuna neno. Aliutazama mkono wa kushoto wa Bi Turubai, kisha akatazama pembeni. Kule kutazama pembeni kulimuuma kuliko jino.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye duka la zana. Binti alimsindikiza, zaidi ili amshuhudie akikata tamaa. Mwenye duka, mtu mrefu mwenye penseli sikioni, alijulikana kwa jina la Spana.

"Chukua chenye ala, mama," Spana alishauri. "Unachomoa, unakata, basi."

"Kutwa nzima natambaa, mwanangu. Mpini unanichoma mbavu, na nikipanda lori unanasa kwenye kamba. Nataka cha kukunja."

Spana akaleta cha kwanza, cha springi. Alibonyeza kitufe, bapa likaruka nje kwa mlio mkali hadi binti akarudi hatua moja nyuma. Bi Turubai akaomba akunjiwe. Alikitia katika mfuko wa aproni, akapiga magoti palepale dukani, akaanza kutambaa kuelekea kwenye ndoo za rangi.

"Mama, watu wanatazama."

"Waache watazame, hawalipi kiingilio."

Alipogeuka, paja likakandamiza kitufe. Mlio ukasikika mfukoni na ncha ya kisu ikachungulia nje ya kitambaa. Akasimama taratibu.

"Hiki kinafunguka kikijisikia," alisema. "Kirudishe."

Cha pili kilikuwa na kipembe mgongoni mwa mpini. Ukikibonyeza kwa kidole cha shahada, bapa linazunguka na kukaza. Alikipenda. Alikifungua mara tano mfululizo, kama anayechezea.

"Na kukikunja?"

Spana akamwonyesha: dole gumba linasukuma kibati kilicho ndani ya mpini, na mkono wa pili unarudisha bapa. Bi Turubai akajaribu kwa mmoja, akilisukuma bapa kwenye paja. Makali yalirudi yakalikuta dole gumba bado liko njiani. Tone la damu likadondoka kwenye kaunta.

"Kila mtu ananieleza kufungua," alisema, akilifuta kwa aproni. "Kufungua ni nusu ya kazi."

Spana alikuwa ameuza visu miaka kumi na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo. Aliingia stoo, akarudi na boksi lenye vumbi. Kisu kilikuwa kibaya kwa sura, mpini wake wa kijani kama sabuni. Bapa lilikuwa na tundu la duara karibu na shina; dole gumba linaingia hapo na kusukuma. Kilichokaza bapa ni pini iliyopita mpini upande hadi upande. Ukiivuta nyuma kwa vidole viwili na kutikisa kiganja, bapa linarudi lenyewe, vidole vyote vikiwa mbali na makali.

"Hakipendwi," Spana alikiri. "Kinafunguka polepole. Vijana wanataka mlio."

"Mimi sina wa kumtisha."

Akafumba macho. Alifungua, akakunja, akafungua tena. Mara moja pini ilimteleza. Akajifuta jasho, akaendelea. Wateja wengine walikwisha kuondoka.

"Ishirini na mbili," binti alisema. "Umekosea moja."

"Nani kakutuma uhesabu?"

"Si ndiyo kazi yangu?"

Walikinunua. Mkono wa kushoto haukurudi zaidi ya pale, na maturubai makubwa bado yalihitaji mtu wa kushika upande wa pili. Tangu mwezi ule Jumamosi zote binti alifika karakana na madaftari ya wanafunzi mkobani, akashika upande wa pili. Habari ya kuuza cherehani haikutajwa tena. Walihamia kubishana mshono uelekee wapi, mvua inakopigia au kinyume chake, na ubishi huo hawakuumaliza.

Bi Turubai alishona miaka mingine mitano. Aliacha alipoona hawezi kutunga uzi hata kwa miwani, na safari hiyo hakungoja kuambiwa na mtu.