Fundi Aliyesikiliza Rola

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Kaka yangu ndiye pekee aliyezizoea hasira zangu, na ndizo zilizomponza.

Kiwandani tulikuwa wote, mimi stoo ya vipuri, yeye fundi wa foklifti, zile mashine za kunyanyulia mizigo. Watu walimwita Daktari kwa sababu alipima mashine kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye mlingoti wa mbele wa mashine, mpini sikioni, macho kafumba, huku dereva akipandisha na kushusha meno yanayobeba mzigo. Ndani ya mlingoti ule mna rola, vigurudumu vya chuma vinavyoongoza kibebeo cha meno kisiyumbe kinapopanda na mzigo. Rola nzima inapita kimya. Beringi yake ikianza kufa, inasaga. Kaka alikuwa akisikia kusaga kule wiki mbili kabla ya mtu mwingine yeyote, anakuja dirishani kwangu: "Mdogo wangu, nipe rola ya kulia, ya chini." Wakifungua, ni hiyo hiyo. Nyumbani alisikiliza friji, akasikiliza bomba, na siku moja akamwekea wifi yangu bisibisi mgongoni anakoroma, akatangaza kwamba huyu anataka grisi. Wifi alimnunia siku mbili.

Kisha masikio yakaanza kumwacha. Miaka ishirini na mbili ya kelele za chuma si mchezo. Nilimwita mara nne akiwa amenipa mgongo, hakugeuka. Nilipomshika bega akashtuka, akanitazama usoni, akajua nimejua.

"Usiseme," akaniambia. "Wakijua watanipeleka getini, niwe wa kufungua na kufunga. Mimi, fundi mzima!"

Nililia pale pale. Akanifuta machozi kwa tambara la grisi, uso wangu ukawa mweusi tii, tukaishia kucheka.

Basi tukaanza mchezo wetu. Kila akipima mashine, nilijitia nampelekea vipuri, nasimama ubavuni pake. Kusaga kule alikuwa amenifundisha mwenyewe kukutambua; rola ikisaga, namvuta koti upande wake. Ikiwa nzima, natulia. Yeye na bisibisi yake sikioni, macho kafumba, anatoa hukumu kama zamani. Miezi saba hakuna aliyeshtuka.

Kitu kimoja kilininyima raha. Rola ikikwama, kibebeo kinaning'inia juu, cheni imelegea, na mtu hatakiwi kuingiza hata kidole chini yake kabla ya kuweka gogo la kukizuia. Kaka hakuwa mtu wa gogo. Rola iliyokwama husaga kwanza ndipo iachie, na mafundi wa zamani wote walizoea kusubiri sauti ile, wakishaisikia wanaruka pembeni. "Gogo la nini, na mimi nina masikio?" Alisema hivyo tangu ujana, na aliendelea kusema hivyo hivyo hata masikio yalipokwisha. Jamani, kaka yangu alikuwa mbishi!

Jumatano nikamwambia imetosha.

"Kaka, nenda kwa meneja umwambie ukweli. Iko siku sitakuwepo."

Akawaka. "Kumbe unanionea aibu! Kama umechoka kusimama na mimi, kaa stoo kwako."

"Haya. Nitakaa."

Kesho yake asubuhi akaja dirishani. Foklifti kuukuu ya upande wa kupakia ilikuwa imekwama, kibebeo kiko juu, hakishuki. Akaomba rola mbili, nikampa. Akabaki amesimama, anazigeuzageuza mkononi, ananitazama. Nilijua anachosubiri. Nilijua kabisa! Nikainamisha kichwa nikaendelea kupanga boksi za bolti, nimesusa kama mtoto. Akaenda zake.

Kusaga kule nilikusikia nikiwa stoo. Kuta mbili katikati, nikakusikia. Dereva akapiga kelele, "Fundi, toka!" Akarudia. Mara ya tatu haikuwa sauti ya mtu tena. Nilikimbia, boksi zikamwagika, lakini ningewahi nini? Kaka alikuwa ameingiza kichwa na bega chini ya kibebeo, akisikiliza.

Msibani kila mtu alikuwa na lake. Dereva, mtu mzima na ndevu zake, alilia akiapa kwamba alimwita mara tatu. Wengine wakasema marehemu alikuwa na kiburi, hakupenda kuamrishwa. Maneno hayo yalinichoma, lakini nilinyamaza siku nne nzima, nikijidanganya kwamba natunza siri yake. Siku ya tano nilishindwa. Nikamfuata wifi chumbani, nikamkuta anakunja nguo za marehemu kitandani.

"Wifi," nikasema, "kaka hakuwa na kiburi. Alikuwa hasikii."

Hakushtuka. Aliendelea kukunja.

"Najua. Nimelala naye miaka kumi na tisa, nitakosaje kujua? Nilitaka kumzuia asiende kazini. Nilimwambia bora geti, bora hata akae nyumbani. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mdogo wake yuko naye kila anapogusa mashine, hajamwacha hata siku moja. Nikaridhika. Nikawa nalala usingizi."

Akaweka shati la mwisho juu ya mengine, akaketi, akanitazama bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza tu.

"Wifi yangu, siku ile ulikuwa wapi?"